Maswali Yangu Yote Niliyamalizia kwenye Piramidi

Nina umri wa miaka ishirini na saba, kwetu ni Kitui, na nina shahada ya jiolojia ambayo mpaka leo kazi yake ni kulala ndani ya bahasha chini ya godoro. Kwa miaka minne nimekuwa mhudumu wa mapokezi katika hoteli moja hapa Al Barsha, Dubai. Haya ninayowaandikia yamenipata mwaka huu huu...

Tangu utotoni mimi ni mtu wa kuuliza. Baba yangu ni katekista. Nikiwa darasa la tano nilimuuliza mbele ya waumini Kaini alioa binti wa nani. Nilichapwa, lakini sikuacha. Hapa Dubai, akina mama wa kikundi chetu cha sala walinipachika jina la Tomaso, yule mtume aliyetaka aguse jeraha kwanza ndipo aamini.

"Tomaso huyo anakuja, ficheni Biblia," Mama Rozi alikuwa akisema, na wenzake wanaangua kicheko. Mama Rozi ni Mchaga, analea watoto wa madam mmoja kule Al Warqa, na ndiye mwenyekiti wetu.

Wanaume nao walinikimbia. Mmoja aliniambia kuwa na mimi ni kama kuhojiwa na maofisa wa uhamiaji kila jioni. Ndipo nikakutana na Boniface...

Boniface alitoka Kakamega. Alikuwa mlinzi kwenye maghala ya Dubai Investments Park, na kanisani alikuwa mpanga watu. Parokia yetu hufurika mpaka uani. Wakati wa Komunyo ni yeye aliyesimama na mkono wake mrefu, akiruhusu benchi hili, akizuia lile, bila kelele, bila kusukumana. Mimi nilikwenda kanisani kwa nadra na kusimama nyuma karibu na lango. Nilimpenda nikiwa pale pale langoni.

Na yeye aliyapenda maswali yangu! Nikihoji habari za gazeti, nikihoji mahubiri, alikuwa akitabasamu na kuniambia, "Hebu uliza tena, mpenzi. Hicho kichwa ni dhahabu." Nani alikuwa amewahi kuniambia hivyo? Baba? Walimu? Hakuna!

Baada ya miaka miwili tukakubaliana kuoana. Ilikuwa iwe Desemba, Kitui, katika kanisa la baba yangu. Mama akawanunulia akina mama wa kwaya vitenge vya sare. Mimi nikamwarifu msimamizi wangu kwamba sitatia sahihi mkataba mpya, kwa kuwa narudi nyumbani kuolewa. Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ninayo. Akasema, "Khalas," yaani basi, yamekwisha, akampa Mfilipino nafasi yangu.

Wakati huo kikundi kikaandaa safari ya Misri. Tungekuwa na siku nzima ya kutembezwa na kiongozi wa watalii: asubuhi piramidi, alasiri kituo cha hija cha Kikatoliki, mahali wanapoamini kwamba Familia Takatifu ilipumzika ilipomkimbia Herode. Padri wa pale angetusomea Misa na mwishoni awabariki wachumba. Mama Rozi alituandikisha bila hata kutuuliza.

Kuhusu mahali hapo nilikuwa na mashaka yangu, kama kawaida. Nani alishuhudia? Nani alitunza kumbukumbu? Lakini mama yangu alilia kwa furaha kwenye simu, kwamba binti yake mbishi anakwenda kubarikiwa alikopita Bikira Maria. Ningemkataliaje? Boniface alisema kazini hawatampa ruhusa. Wakampa. Nilipompongeza alitikisa kichwa tu, uso umemsawijika. Nilidhani ni uchovu wa zamu...

Kiongozi wetu kule Misri aliitwa Hani, mtu mcheshi mwenye kofia kubwa. Nilimwandama tangu tuliposhuka basini. Haya mawe ya granite yaliletwaje kutoka mbali vile? Njia ya kuyapandishia ilikuwa upande gani? Nani anasema wajenzi hawakuwa watumwa?

"Habibti," akaniambia, "umekuja kutalii au kunifanyia mtihani?"

Watu walicheka, lakini Boniface alinitetea. Alimwambia Hani anijibu, kisha akaninong'oneza nimuulize na habari za chumba kilichomo ndani ya piramidi. Nikauliza. Boniface akasema tuingie tukakione kwa macho. Tukaingia, tumeinama kama vikongwe. Tulipotoka akataka tupande ngamia. Tuliposhuka akataka picha za upande wa pili, eti jua limekaa vizuri.

Mama Rozi alianza kutazama saa yake. "Boni mwanangu, Misa inatungoja."

"Mama, haya mawe yamengoja miaka elfu nne. Padri atashindwa nusu saa?"

Nami nikafurahi! Niliona nimepata mwanamume ambaye yuko tayari kukaa juani kwa ajili ya udadisi wangu...

Barabarani tukakuta msongamano mkubwa. Basi lilisimama, likasogea, likasimama. Akina mama walisali rozari kwa hasira. Boniface peke yake ndiye alikuwa ametulia. Alisema ikibidi Misa itukose, Mungu anajua nia zetu.

Lakini padri alikuwa ametungoja. Tulimkuta ameketi ngazini, amekwisha kuvaa kanzu ya Misa.

Kikanisa chenyewe kilikuwa kidogo, chenye mabenchi machache tu. Ilipofika Komunyo, Boniface aliinuka kwa mazoea, akanyoosha mkono, akaruhusu benchi la kwanza, la pili, la tatu... kisha mabenchi yakaisha. Hapakuwa na ua. Hapakuwa na umati wa kujifichia. Watu wote walikuwa mbele, isipokuwa mimi, ambaye kila mtu alijua sijaungama kwa miaka, na yeye. Alirudi akaketi kando yangu.

Nilimnong'oneza, kwa nini hajaenda? Akasema tumbo. Tumbo lipi? Lile lililobebwa juu ya ngamia likifurahi? Mama Rozi alipita akirudi kitini, akamtazama Boniface, kisha akanitazama mimi kana kwamba nimemlisha sumu.

Baada ya Misa padri akawaita wachumba. Nikasimama. Boniface akasema nitangulie, anakuja. Nikatangulia...

Nilisimama mbele ya altare pamoja na jozi mbili, wanne wameshikana mikono, mimi nimeshika mkoba. Padri akauliza mwenzangu yuko wapi. Nikageuka. Benchi tupu! Mlango wazi!

Nilimkuta nje, ameegemea basi.

"Boni, kuna nini?"

"Nina mke," akasema. "Tulifunga ndoa kanisani. Yuko Kakamega na watoto wetu wawili."

Sikuanguka. Sikulia. Niliuliza. Ndiyo kazi yangu.

"Na Desemba ulikuwa unakuja kwa baba yangu kufanya nini?"

"Nilidhani nitapata njia."

"Sasa si ungepokea tu Komunyo? Ungedanganya na hapo, yaishe."

Alishtuka kana kwamba nimetukana. "Hapana. Nipokee nikiwa na dhambi hii? Mungu siwezi kumdanganya."

Jamani! Yeye hawezi kumdanganya Mungu... mimi je? Miaka miwili alipanga watu wote kwenye foleni ambayo yeye mwenyewe hakuthubutu kuingia, na hakuna aliyemwona, kwa sababu nani humtazama mpanga foleni? Na pale piramidi, alipokuwa akinihimiza niulize tena na tena, alikuwa akitumia kichwa changu kuisogeza saa mbele ili Misa itupite!

Tulirudi Dubai kwenye ndege moja, viti vya jirani. Kabla ya kutua, kikundi kilikuwa kimeshaamua kwamba ukaidi wa Tomaso ndio ulioleta mkosi. Boniface aliwasikia. Akawaacha waamini hivyo, mke wake hakumtaja. Nasikia bado anapanga watu kanisani.

Nilirudi kwa msimamizi wangu kuomba kazi yangu. Alinihurumia, lakini nafasi ilikuwa imejaa. Viza yangu inafutwa, na mwezi ujao narudi Kitui bila kazi na bila mume.

Nilimpigia baba nikamwambia yote. Nilitegemea mahubiri. Badala yake akaniuliza, "Wewe uliyenitoa jasho kwa ajili ya Kaini, huyu ulimuuliza nini?"

Nilimuuliza Boniface maoni yake juu ya kila kitu duniani. Sikuwahi kumuuliza kwa nini kwa miaka miwili sijaisikia hata sauti ya mama yake. Ningeulizaje, na mimi nilikuwa nasifiwa?

Dada zangu mnaosoma haya, msipite nilikopita. Kuyasifu maswali ya mtu si kuyajibu. Anayekwambia una kichwa cha dhahabu, mgeuzie swali moja tu linalomhusu yeye, kisha usiondoke hapo. Akikuelekeza kwenye mawe, kwenye nyota, kwenye habari za dunia, rudia lile lile.

Mama anasema vitenge havitatupwa, akina mama watavivaa Krismasi. Na mimi amenikatia kimoja. Nitakivaa, nitaketi benchi la mbele, na yeyote atakayeniuliza bwana harusi yuko wapi, nitamjibu.