Mtungi Mtupu si Mtupu

Nyumba ya Bi Zeyana, mtaa wa Ng'ambo mjini Tabora, haikosi watu. Kahawa haikauki, na habari za mtu hufika pale kabla hazijamfikia mwenyewe.

Jumamosi moja, mwaka ule watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, walikuja wageni kutoka Ipole. Walikuwa Apolinaria, shoga yake Zeyana wa miaka mingi, na mumewe Tobias. Walileta debe zima la asali.

"Shemeji," Tobias alisema, "kijiji chetu kipya hakina kengele. Kwenda shamba la pamoja tunaitana kwa makelele, utadhani tunafukuza ngedere."

"Sauti yako inatosha vijiji viwili," Zeyana alimjibu. Wote wakacheka.

Mara Zeyana akakumbuka mtungi wake mdogo wa gesi. Ulikuwa umeliwa na kutu, na duka la gesi lilikataa kuujaza tena. Wiki mbili sasa ulikuwa hauwashi jiko.

"Chukua huu. Ni mtupu. Nilikuwa naenda kuutupa shimoni."

Tobias aliugonga kwa jiwe. Ngee! Ulilia vizuri.

"Nikikata kitako tu, hata misheni wenye kengele yao kubwa watatuonea wivu!"

Akaazima msumeno wa chuma kwa jirani. Akakaa uani, hatua tatu kutoka jiko la mkaa ambapo Zeyana alikuwa akikaanga buni. Akaanza kukata.

Hapo akaingia Lukumani, kijana wa mtaa ule anayefanya kazi duka la gesi. Alikuja kunywa kahawa. Siku hiyo hata shikamoo hakutoa.

"Mzee, acha! Weka msumeno chini! Mama, zima moto!"

Zeyana alilimwagia jiko maji, buni na vyote. Lukumani aliubeba mtungi taratibu, akausimamisha mbali, penye upepo.

"Kijana, umeniharibia buni yangu kwa ajili ya mtungi mtupu?"

"Naomba maji na sabuni, mama."

Alipiga povu, akalipaka kwenye koki ya mtungi. Wote wakainama kutazama. Vipovu vikaanza kufura, kimoja kimoja.

"Mnaona? Koki haikufungwa vizuri, na gesi bado inatoka," Lukumani alisema, akaikaza. "Jiko likizimika, gesi kidogo hubaki ndani. Tena ni nzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka ikute moto. Hata cheche ya msumeno inatosha kuulipua."

Tobias alikaa chini. Apolinaria alimshika mumewe mkono.

"Na shimoni je?" Zeyana aliuliza.

"Si ndiko mnakochomea taka, mama? Mtungi mbovu urudishe dukani. Tunazo njia za kutoa gesi iliyobaki, kisha tunauharibu. Na mzima nao ujazwe huko huko, kwa mizani. Haujazwi pomoni, maana gesi hutanuka kwa joto. Mtu asikudanganye kumimina gesi nyumbani kwa mpira, kutoka mtungi mmoja hadi mwingine. Njiani mtungi usimame wima, koki imefungwa. Na ukitaka kujua kama unavuja, paka povu. Usiwashe kiberiti!"

"Mimi huwa nawasha kiberiti," Zeyana alinong'ona.

"Tunajua," Apolinaria alisema. "Ndiyo maana huna nyusi."

Kicheko kikarudi uani. Lakini Zeyana alikuwa akifuta machozi.

"Nisamehe, shoga. Nilitaka kukupa kengele, kumbe nakupa ujane."

"Kengele tutapata. Huyu mzee nimeshamzoea, sitaki mwingine."

Jioni ile ile Lukumani aliurudisha mtungi dukani kwa mkokoteni. Zeyana alinunua mwingine, na kila akiufunga kwenye jiko hupaka povu kwanza, wageni wote wakisimamia kama mafundi.

Kijiji nacho kilipata rimu kuukuu ya gurudumu la lori, kikaitundika iwe kengele. Kila alfajiri Tobias huigonga mwenyewe, kwa mikono yake miwili, vidole vyote kumi.