Kwa Nini Maboga ya Verdiane Yalianguka

Kule Muheto, katika milima ya Masisi, asubuhi huanza kwa baridi na maziwa. Mwaka ule wa 1954 ulikuwa vivyo hivyo. Ukungu ulipokuwa bado mzito, Kanamugire alikuwa zizini tayari, akikamua ng'ombe. Mke wake, Verdiane, aliwasha moto na kuchemsha maziwa. Kisha alimwamsha binti yao mkubwa, Emérita, na kumwamsha Emérita ilikuwa kazi kamili. Baada ya hapo alichukua jembe, akaenda shambani.

Verdiane alilipenda shamba lake lote, lakini maboga aliyapenda kupita kiasi. Alikuwa na sababu. Kila mwaka kuna miezi ambayo maharage yamekwisha na viazi bado. Miezi hiyo boga ndilo linaloibeba nyumba. Watoto wakipata boga na maziwa, wanalala wameshiba.

Sasa ulikuwa msimu wa pili wa mambo kwenda mrama. Mimea ilitambaa vizuri na maua yalikuwa mengi. Viboga vidogo vilitokea, vikageuka njano, vikaanguka. Verdiane aliokota kimoja. Kilikuwa kimeoza. Aliketi chini akalia kwa hasira.

"Ni yule Pétronille," alisema peke yake.

Pétronille alikuwa jirani, mtu wa kabila la Wahunde, mwenyeji wa mlima ule tangu babu zake. Familia ya Kanamugire ilipohamia Muheto kutoka Rwanda, yeye ndiye aliyewapa mbegu za maboga. Shamba lake lilikuwa ng'ambo ya kijito, kando ya pori, na maboga yake yalikuwa makubwa ajabu. Lakini siku moja, akipita kwa Verdiane, alivinyoshea kidole vile viboga na kusema, "Angalia, inaanza kuzaa!" Watu wengi waliamini kwamba boga changa likinyoshewa kidole huoza. Na kweli vikaoza. Tangu hapo Verdiane hakumsalimia tena. Wakikutana njiani, aligeuza uso kana kwamba anatafuta kitu majanini.

Siku moja alikuja Théophile. Alikuwa moniteri, yaani mfanyakazi anayewafundisha wakulima. Wakati huo aliwasaidia watafiti waliochunguza jinsi milima ya Masisi ilivyobadilika tangu pori lilipoanza kukatwa. Alimkuta Kanamugire akinoa shoka.

"Papa, hiyo shoka ni ya nini?"

"Mposho ya wiki ingine tutakata ile miti ya mutoni," alijibu Kanamugire. Mposho ndiyo Jumamosi kwa watu wa huko. "Ngombe zangu ziko mingi, majani iko kidogo."

Miti hiyo ilikuwa imebaki michache. Zamani ilitoka pori la Pétronille, ikafuata kijito, ikapanda hadi karibu na shamba la Verdiane. Miaka miwili iliyopita Kanamugire alikata nusu ili apate malisho. Sasa alitaka kuimaliza.

Théophile alitoa picha kubwa mfukoni. "Hii foto ilipigwa mu ndege, kule juu. Ni mulima yenu."

Kanamugire aliigeuza huku na huku. "Ngombe zangu ziko wapi?"

"Hazionekane, Papa. Ndege ilikuwa mbali sana."

"Basi ni foto mubaya."

Verdiane alicheka. Alikuwa hajacheka kwa siku nyingi. Naye Théophile alimwuliza kuhusu shamba, na yeye akamweleza yote: maua, viboga vinavyooza, na kidole cha Pétronille.

Théophile hakumcheka. "Mama Emérita, kule juu kuko shamba moja, iko peke yake. Hakuna jirani anapita. Maboga yake nayo inaanguka. Nani alinyosha kidole kule?"

"Angalia hapa," Théophile aliendelea. "Peusi ni pori. Peupe ni majani ya ngombe. Huu mustari mweusi ni miti ya mutoni. Unaona inakatika? Shamba yako ni hii, katikati ya peupe. Tumetembea mulima na mulima. Pahali pori iko karibu, maboga inazaa. Pahali pori iko mbali, inaanguka. Ukiangalia shamba moja tu, hautajua. Inaomba kuangalia inchi muzima, pori na shamba na majani, namna vinashikana."

"Sasa njo nini inaharibu maboga yangu?" Kwa watu wa huko, njo ni ndiyo.

"Nyuki hawafike."

Alichuma maua mawili. "Hii ni ya kiume. Hii ya kike, iko na kaboga chini yake. Nyuki anatoa hii vumbi ya njano kwa dume, anapeleka kwa jike. Bila vile, kaboga kanakufa. Nyuki wanakaa mu mashimo ya miti ya zamani. Huku kwetu kuko baridi na upepo. Hawapendi kupita kwenye majani matupu. Wanafuata miti."

Vumbi hilo la maua vitabuni huitwa chavua. Verdiane hakujali linaitwaje. Hakuamini, basi.

"Usiniamini mimi," alisema Théophile. "Jaribu."

Kesho yake mapema, maua yakiwa bado wazi, Verdiane alichuma maua ya kiume. Aliyapaka polepole katikati ya baadhi ya maua ya kike. Kila ua alilolipaka alilifunga kamba ya mgomba. Emérita alimtazama, akashangaa.

"Mama, unafungisha maua ndoa?"

"Njo vile. Nyamaza, utaleta haya kwa bibi arusi."

Baada ya wiki moja, viboga vyenye kamba vilikuwa kama ngumi. Vile visivyo na kamba vilikuwa chini, vimeoza. Verdiane alifurahi sana. Kisha furaha ilimwishia ghafla. Alikumbuka jinsi alivyomnyima salamu mtu aliyempa mbegu. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Jioni hiyo alimwonyesha mume wake vile viboga. "Papa Emérita, usikate ile miti."

"Ngombe zitakula nini? Maua?"

"Na batoto watakula nini?"

Kanamugire aligeuka kwenda zizini. Verdiane hakumwacha. "Wewe mwenyewe uligombana na bantu juu ya njia ya ngombe ya kwenda ku maji. Walilima mpaka katikati ya njia, ngombe zikakosa pa kupita. Ulikasirika, ulikataa hata kula. Sasa nyuki naye iko na njia yake. Njo ile miti. Na ni wewe unaifunga."

Kwa mfugaji, kufunga njia ya maji ni ubaya mkubwa. Kanamugire alikuna kichwa. Hakupenda kushindwa na mke wake, lakini alipenda haki. "Basi," alisema mwishowe. "Shoka itakata kuni tu."

Iliyobaki ilikuwa kazi ya Verdiane peke yake. Alivuka kijito. Pétronille alikuwa akipepeta maharage, wala hakuinua kichwa.

"Dada, nilikukosea," Verdiane alisema. "Nilisema kidole yako iliharibu maboga yangu. Ilikuwa uongo. Ilikuwa miti yetu tulikata."

"Misimu mbili unanipita kama kisiki," alisema Pétronille. "Hata kisiki bantu wanakikalia."

"Unisamehe."

Pétronille alipepeta tena kidogo. Halafu alisogea, akaacha nafasi kwenye mkeka. "Ikala. Saidia basi, usisimame vile."

Walipepeta pamoja hadi maharage yakaisha. Mume wa Pétronille, aliyekuwa na mizinga mingi ya nyuki porini, aliwapa miwili. Waliitundika mwisho wa miti ya kijito. Pale palipokatwa, Kanamugire alipanda mibirizi, vichaka vichungu vinavyoota upesi na kutoa maua mengi. Alikataza pia wachungaji wake kuchoma majani karibu na hapo. Alipoteza malisho kidogo, akalalamika sana, lakini alipanda mpaka pengo likajaa.

Msimu uliofuata, nyuki walisikika shambani tangu asubuhi. Maboga yalikaa kwenye shina, yakanenepa. Maharage yalipokwisha, nyumba ya Verdiane haikutikisika. Alichagua boga lililo kubwa kuliko yote, na familia yote ikalipeleka kwa Pétronille. Lilipikwa palepale, likaliwa na watoto wa nyumba zote mbili kwenye sahani moja.

Pétronille alikuwa na furaha, na akifurahi hutania. "Mwaka jana ulininyima salamu. Mwaka huu unaleta boga. Mwaka kesho utaniletea nini?"

"Ndama ya Gaju," alisema Kanamugire.

Gaju alikuwa ng'ombe wake bora. Na kwao Kanamugire, hakuna atoaye ng'ombe kwa mzaha. Ukimpa mtu ng'ombe, umemfanya ndugu, yeye na watoto wake.

"Papa Emérita," Pétronille alisema polepole, "hapa kwetu kuko miti tu. Atakula wapi?"

"Atakula kwangu, pamoja na zangu," alijibu Kanamugire. "Lakini bantu wakiuliza ni ngombe ya nani, nitasema ni ya dada yangu."