Mkono Chini ya Rangi

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Kitshanga, na Callixte alikuwa ameshapindua ndoo zake za kuoshea magari. Alikuwa na haja moja tu: apite sokoni anunue sombe, majani ya muhogo, kabla akina mama hawajafunga, arudi nyumbani, apike, ale peke yake. Miaka miwili sasa anakula peke yake. Ukimuuliza, atakuambia ameshazoea. Mwongo huyo! Nani anazoea jambo kama hilo?

Mke wake, Epiphanie, aliondoka asubuhi moja kwenda kwa mama yake kule Kalembe, kusaidia kuvuna maharagwe. Alipewa lifti kwenye jeep ya mtu ambaye hakuna aliyemjua. Kalembe hakufika, Kitshanga hakurudi. Maiti haikuonekana, kwa hiyo hata matanga hayakukaliwa; ndugu walikataa kumlilia mtu ambaye hawajamuona amekufa. Callixte akabaki hapo katikati, si mume, si mjane.

Ndipo gari likaja.

Hakulisikia likija. Hilo peke yake lingetosha kumfanya abebe ndoo zake akimbie, maana kwenye mawe ya barabara ile hata baiskeli inapiga kelele. Lakini mtu mpweke hafukuzi mgeni. Aliinua macho tu, akaona jeep nyeusi imesimama kando ya kijito anapooshea magari, na mwanaume mrefu ameshuka, amevaa koti la mvua. Barabara nzima ilikuwa matope. Lakini viatu vya yule bwana...

Vilikuwa vikavu. Visafi kabisa.

"Papa," mgeni alisema kwa sauti ya chini. "Ni wewe njo unajua kungarisha gari?"

"Ni mimi. Lakini nimeshafunga. Urudiye kesho."

"Kesho mvua itakuwa imeshanyesha."

Basi, Callixte akasisimka. Wenzake pale Kitshanga wanaosha kwa sabuni, wanaacha jua limalize kazi. Yeye alijifunzia Goma, na ukimgusa kwenye kazi yake hanyamazi, hata kama hukumuuliza.

"Kuko nta, na kuko dawa ya kuziba," alieleza. "Nta inangarisha muzuri sana, lakini jua na mvua vinaimalizaka kwa wiki chache. Dawa ya kuziba haipendeze sana, lakini inakamata. Miezi sita! Ile iko chini yake haitoke tena."

"Weka dawa ya kuziba," mgeni alisema haraka. "Mwenye alinifanyia mbele aliweka nta. Mvua ya kwanza tu, akaanza tena kugonga."

"Nani akaanza?"

Mgeni alitazama mawingu.

Callixte akapiga sabuni, akamwaga maji. Gari halikunuka mafuta ya mazuti. Lilinuka udongo, ule udongo mbichi wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Alipofika kwenye mlango wa nyuma, upande wa kushoto, akakuta alama ya kiganja. Akasugua. Ikatoka. Akakausha kwa kitambaa.

Ikarudi.

Akasugua tena, kwa nguvu zaidi, kwa sababu fundi anayejiheshimu hafuniki uchafu. Akapitisha kidole. Rangi ilikuwa laini, bila hata punje ya vumbi. Alama haikuwa juu ya rangi. Ilikuwa chini yake. Na kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kwa ndani, kama kile alichovunja Epiphanie siku anapasua kuni, kikakataa kunyooka.

Callixte aliweka kiganja chake juu ya kile kiganja.

Kong'... kong'...

Kutoka ndani ya mlango.

"Papa," Callixte alinong'ona. "Huyu... ulimutoa wapi?"

"Nilimupa lifti."

"Ulimuua?"

"Hapana!" Mgeni alionekana kuumia kweli. "Nilimukatalia tu kushuka. Njia ya Walikale iko murefu, Papa. Muntu anachoka kusafiri peke yake."

Callixte alitaka kumrukia. Hakumrukia. Na cha aibu zaidi, ndani ya roho yake kitu kidogo kilikuwa kimemuelewa yule mtu. Akafikiri upesi. Akiweka dawa ya kuziba, Epiphanie amefungiwa humo, na gari linakwenda. Akikataa kazi, gari linakwenda vilevile, na Epiphanie ndani yake.

Mgeni alipogeuka tena kutazama mawingu, Callixte akachota nta. Akaipaka mlango mzima, nyepesi, upesi upesi. Halafu akafungua kopo la dawa ya kuziba, akaipaka juu ya ile nta.

Fundi yeyote wa kazi hii atakuambia kwamba hilo ni kosa kubwa. Dawa ya kuziba inataka kushika rangi yenyewe. Ikikuta nta inateleza, haikamati kitu, na mvua ya kwanza inaibeba, na kilicho chini yake kinatoka. Lakini mgeni hakuwa fundi. Aliinama, akanusa kopo, akaridhika.

"Aksanti, Papa. Sasa tutasafiri kimya."

Jeep ikaondoka bila sauti. Tone la kwanza likamwangukia Callixte shingoni.

Sombe alisahau. Alikimbia mpaka nyumbani, akaketi gizani, akasikiliza mvua ikipiga bati. Jembe la Epiphanie lilikuwa bado kwenye kona. Mara harufu ya majani ya maharagwe yaliyoloa ikaingia chini ya mlango.

Kong'... kong'...

Hakuuliza ni nani. Akafungua.

Epiphanie alikuwa amesimama pale, miguu mitupu, maji yakimchuruzika. Akaingia. Callixte akalia kama mtoto, akamshika mikono, na ile mikono ilikuwa baridi kama mawe ya kijito. Hakujali!

"Aksanti, Callixte," alinong'ona. "Nimekuya kukuaga tu. Mvua ikikatika, ninaenda kupumzika."

"Kwenda wapi? Nyumba yako ni hii!"

"Usinikatalie. Nimechoka kufungiwa."

 Callixte alisikiliza bati. Mvua ilikuwa inapungua... inapungua...

Asubuhi, jirani yake Mama Brigitte alipita na jembe begani kwenda shambani, akamkuta Callixte nje, anasugua mlango wa nyumba yake. Ulikuwa mlango wa bati, ameuosha na kuukausha vizuri. Safari hii hakukuwa na nta hata kidogo. Alikuwa anapaka kutoka kopo moja tu, lile la dawa ya kuziba, polepole, kwa miduara midogo, kama wanavyofundisha Goma. Dirisha alikuwa ameshalimaliza.

"Papa Callixte, kumekucha salama?"

"Salama, Mama. Bibi yangu amerudia."

"Epiphanie? Mungu wangu! Iko wapi, nimusalimie?"

Kong'. Kong'. Kong'.

Mama Brigitte akarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine. Kugonga kulitoka ndani, chini kabisa ya mlango, mahali ambapo mtu angegonga akiwa amepiga magoti.

"Mbona anagonga hivi?" aliuliza.

Callixte alichovya tena kitambaa.

"Ngoja ikauke, Mama," alisema kwa upole. "Ikikauka, atanyamaza."