Magadi Katika Chupa

Kila alasiri, akitoka shule, Kache alipitia soko la Malindi kumsaidia mama yake kumenya kamba. Wengine waliyatupa maganda. Yeye aliyaosha, akayaanika, akayapeleka shule. Mwalimu Nyaboke wa sayansi aliyatengeneza yakawa unga mweupe, akauyeyusha kwa siki, akatia vitamini na chumvi maalumu. Zikatokea chembe ndogo mno, hata darubini ya shule haikuweza kuzionyesha. Kila chembe iliifumbata vitamini isiharibike kabla ya kufika mwilini inakohitajika.

Maganda alihangaika nayo Kache. Lakini aliyechaguliwa kuwaeleza waamuzi wa maonyesho ya sayansi ya shule alikuwa Hadiya, yule yule aliyembandika jina "Bi Kinuka Kamba" mpaka darasa zima likaliimba.

"Ngoja, atanitambua!" Kache alijiapiza. "Kunuka ninuke mimi, sifa apate yeye? Thubutu!"

Alijua pa kumpiga. Mwalimu alikuwa amewaonya kwamba magadi yasiikaribie chupa yenye mchanganyiko ule, maana hayapatani na siki. Siku ya kuamkia maonyesho, wenzake walipokwenda kula, Kache alitoa magadi aliyoyachota jikoni kwao, yale ya kupikia kunde, akayamimina chupani. Povu likafoka, kisha yakajikusanya mabonge. Akaifunika tena kwa kitambaa chake cha kuikinga na mwanga. Moyo wake ukaburudika kwelikweli.

Kesho yake mama yake alikuja maonyeshoni, akaketi mbele na leso yake mpya. Mara Hadiya akainuka.

"Mwalimu, samahani. Nilimkosea Kache kwa lile jina. Maganda ni kazi yake na mamake. Naomba yeye ndiye aeleze."

Akamkabidhi chupa. Lo! Kache akafungua kitambaa.

"Huu si uji uliokatika?" mwamuzi mmoja akauliza. Watu wakacheka. Mama yake Kache akainamisha uso.

"Nimetia magadi mimi," Kache akasema huku analia. "Nilitaka Hadiya aaibike."

"Kumbe!" Hadiya akang'aka. "Na mimi nakuomba radhi mbele za watu!"

Bahati nzuri unga ulikuwa umebaki. Mwalimu aliwaomba waamuzi watangulie meza nyingine. Wasichana wale wakaanza upya, mmoja akikoroga, mwingine akidondosha maji ya chumvi ile, wote wamenuna. Waamuzi waliporudi, chupa ilikuwa na weupe hafifu tu, bila bonge hata moja. Kache akaeleza kila kitu, pamoja na habari ya magadi.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, mama yake alimuuliza, "Ulimkusudia nani, mwanangu?"

"Hadiya, Mama."

"Na aliyeinamisha uso ni nani?"

"Wewe, Mama."

"Basi shika hilo," mama akasema. "Ukiudhiwa, mwambie aliyekuudhi. Kisasi ukishakiachia hakikuulizi kimpige nani."