Ujumbe wa Mkunga

Kila alipotoka shule, Kifungo alipitia kwanza nyumbani kwa kinyozi. Hakwenda kunyolewa, alikwenda kuazima mtoto. Rafiki yake, binti wa kinyozi, alikuwa na wadogo watatu, na yule wa mwisho alikuwa hajaota hata jino moja.

"Mchukue, tena ukipenda usimrudishe," rafiki yake alisema huku akimfunga mtoto mgongoni mwa Kifungo. "Jana kanitapikia daftari la hesabu."

Kifungo alicheka, lakini moyoni alimwonea wivu. Kwao alikuwa peke yake. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na jina hilo la utani Kifungo alilipata akiwa na miaka miwili, siku alipomeza kifungo cha shati la mteja. Nyumba yao ilijaa vitambaa, nyuzi na vipande vya bitana hadi chini ya kitanda. Kilichokosekana ni mtoto mchanga. Miaka miwili nyuma mama alishika mimba, ikaharibika siku moja baada ya yeye kutembea kwa miguu kwenda kununua vitambaa. Hakuna aliyemweleza Kifungo sababu, basi akajitafutia yake mwenyewe: ni kule kutembea.

Sasa mama alikuwa mjamzito tena, mimba ya miezi mitano. Kifungo alikuwa akimwota huyo mtoto hata darasani, mwalimu akiandika ubaoni.

Siku moja mama alisahau kadi yake kliniki, akamtuma Kifungo aifuate. Mkunga alikuwa mama mnene wa mwili, mwepesi wa miguu. Aliitikia shikamoo yake, akampa kadi.

"Mwambie mama nimempima, yeye na mtoto hawajambo. Ila asishinde kwenye cherehani. Kila jioni atembee nusu saa, polepole, bila kujichosha. Umenisikia, bibi?"

"Nimesikia."

Njia nzima aliyarudia maneno yale. Atembee? Yaleyale ya mwanzo? Alipoingia ndani, mama aliinua uso kutoka kwenye kushona.

"Mkunga kasemaje?"

"Kasema upumzike. Usitoke nje."

"Hata dukani?"

"Hata dukani. Nitakwenda mimi."

Na kweli alikwenda. Alichota maji, akapika, akafagia, akapeleka nguo za wateja. Majirani walimsifu mbele ya watoto wao, na kila sifa ilimchoma kama sindano. Mama naye alishinda kwenye kiti, miguu ikavimba, mgongo ukamuuma. Jioni alikaa dirishani akiwatazama wapita njia.

"Natamani hata nifike kwa kinyozi tu, nirudi," alisema.

Kifungo aliinamia sufuria, akazidi kuisugua, ingawa ilikuwa imeshatakata.

Baada ya majuma manne walikwenda kliniki pamoja. Mkunga alilipima tumbo kwa utepe, akausikiliza moyo wa mtoto, kisha akaitazama miguu ya mama.

"Na matembezi yanaendaje?"

"Matembezi gani, dada? Si ulinikataza nisitoke?"

Mkunga alimgeukia Kifungo, ambaye alikuwa akitazama vidole vya miguu yake.

"Nilidanganya mimi, mama," Kifungo alisema kwa sauti ndogo. "Niliogopa. Ile mimba iliyopita ulitembea, tukamkosa mtoto. Na huyu namtaka."

Mkunga akavuta kigoda.

"Sogea hapa. Mimba ile haikuharibika kwa kutembea. Nyingi zinazoharibika mapema huwa hazikuumbika vizuri tangu mwanzo, na hakuna wa kulaumiwa. Sasa nisikilize. Mtoto tumboni hali kwa mdomo. Ana kondo."

"Kondo ni nini?"

"Ni nyama laini ya duara, imeshika ukuta wa tumbo la uzazi. Ina mishipa midogo isiyohesabika. Damu ya mama hupita upande wake na ya mtoto upande wake, hazichanganyiki, lakini chakula na hewa huvuka. Mama mwenye afya akitembea, moyo wake huzoea kusukuma damu vizuri. Wataalamu wameona kwamba mazoezi ya kiasi huweza kulisaidia kondo kukua na kujenga mishipa yake. Mwenye tatizo tunamzuia, lakini baada ya kumpima. Hatumzuii kwa kukisia."

"Kwa hiyo mdogo wangu ameumia?"

"Hajambo. Nimeusikia moyo wake sasa hivi. Aliyeumia ni mama yako, mwezi mzima, kwa ujumbe ambao sikuutuma."

Jioni ile mama alianza kutembea, Kifungo akiwa pembeni yake. Mama hakumgombeza, na hilo ndilo lilikuwa gumu zaidi. Kwa siku nyingi, kila Kifungo alipoleta habari kutoka nje, mama alimtazama kwanza usoni kabla ya kuitikia.

Miezi ilitimia, mtoto akazaliwa salama, wa kike. Kifungo alifika kliniki na chupa ya chai, anakimbia, anapiga chafya. Mkunga alimsimamisha ukumbini.

"Kondo limetoka zima, na kazi yake limeifanya vizuri. Lakini wewe una mafua. Mwambie mama yako, mwenye mafua asimshike mtoto mpaka apone."

Mkunga akaitwa chumba kingine. Ukumbini hakubaki mtu mwingine aliyesikia.

Mama alikuwa ameketi kitandani, amempakata mtoto. Uso ulimng'aa alipomwona Kifungo. "Njoo umpokee mdogo wako," alisema, akinyoosha mikono.

Mtoto alikuwa mdogo kuliko alivyomwota, na vidole vyake vilikuwa vikishika hewa. Kifungo aliweka chupa chini. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Mkunga kasema mwenye mafua asimshike mpaka apone," alisema, machozi yakimlengalenga. "Kasema hivyo hivyo, mama."

Mama alimrudisha mtoto kifuani. Alimtazama binti yake usoni.

"Kumtamani mdogo wako si kosa, mwanangu," alisema. "Kosa ni kuiacha hofu yako iamue, ukamficha mwenzako aliloambiwa. Ukimpenda mtu, mfikishie neno kama lilivyo, hata kama linakuuma wewe. Leo umenifikishia."

Kifungo alipenga kamasi, akavuta kiti mpaka mlangoni, akakaa kumtazama mdogo wake akipiga miayo.