Mbuzi wa Mokami na Tarehe Mbili

Jumanne asubuhi Mzee Nchagwa alitoka bandani amejishika kichwa, akatangaza Nyamisangura yote isikie kwamba mbuzi wa mzazi ameibiwa usiku. Alikuwa dume mnene, hata mlango wa banda ulimpitisha kwa kulalamika, akinoneshwa kwa ajili ya supu ya mkwewe Mokami atakapojifungua. Kwa kuogopa kijicho, Nchagwa hakuruhusu mtu mwingine kumchungulia.

Chai haijapoa, sungusungu walishamkamata Sadick mwenye bucha. Amekutwa na ngozi ya mbuzi.

"Mlitaka mchinjaji nikutwe na ngozi ya nini, ya mamba?" aliuliza Sadick.

Hakuna aliyecheka. Jioni baraza lingekaa, na akionekana ana hatia angehama mji na watoto wake.

Kamanda wa sungusungu, mzee Simioni, akaingia bandani peke yake. Kinyesi kilikuwa kikavu, kimepauka. Ndani ya ndoo ya maji buibui alishatandika utando na kuzaa wajukuu. Simioni akatoka anajikuna kidevu, akamfuata mke wa Nchagwa jikoni.

"Shemeji Beatrice, jana palitokea nini hapa?"

"Hakuna. Niliwaambia tu wanaume kwamba Mokami anajifungua wiki hii."

"Si mlisema mwezi ujao?"

"Hiyo ni hesabu ya kwanza, ya kumbukumbu zake mwenyewe. Mimba ilipofika miezi mitano akapigwa ultrasaundi. Wakapima kichwa cha mtoto na mfupa wa paja, wakakuta amekua kuliko hesabu. Nesi akapunguza wiki tatu. Sisi wanawake tukanyamaza. Siku ya kujifungua haitangazwi, watu wana macho."

"Mzee alisemaje?"

"Alisema mashine ni mwongo. Hata ugali hakula."

"Nchagwa? Hakula?"

Jioni baraza likakaa, Sadick katikati. Simioni akasimama.

"Natoka kliniki. Nesi anasema mashine ilikosea. Mokami ni mwezi ujao, kama mwanzo."

Nchagwa alishusha pumzi kama gunia lililotobolewa. "Si niliwaambia? Basi mwachieni Sadick wa watu. Mbuzi ataonekana. Wiki tatu zinamtosha."

"Zinamtosha kufanya nini?"

"Kunenepa."

Wazee wakamgeukia Nchagwa.

"Anenepe nani," Simioni akauliza taratibu, "wakati wako alikuwa hapiti mlangoni?"

Nchagwa akatazama viatu vyake. Ikatoka yote: mwezi uliopita alimpeleka mbuzi Machochwe kwa rafiki yake Deus, waonje paja tu. Kuonja kukaishia mkiani. Deus akaanza kumnonesha mwingine wa kufidia, awe tayari mwezi ujao.

"Mimi nilifuata tarehe niliyopewa," akalalamika. "Na nesi amethibitisha."

"Nesi sijamwona leo," alisema Simioni. "Tarehe ni ileile ya mashine."

Sadick akafunguliwa. Mbuzi wa Deus aliletwa kesho yake. Beatrice akamzunguka mara moja.

"Huyu ndiye anayehitaji supu."

Basi akachaguliwa kondoo wa Nchagwa, yule wa mkia mnono ambaye mzee alikuwa akimsalimia kila asubuhi. Sadick alimchinja mwenyewe, kwa furaha isiyofichika. Mokami akajifungua Jumamosi, binti mzima.

Mpaka leo Nchagwa, ambaye hakupewa hata mchuzi, humwambia kila mpita njia kwamba mashine ile ni mwongo. Ilisema Alhamisi.