Ndege ya Durban Haisubiri Posa

Mpaka leo nikikumbuka siku ile, damu inanichemka.

Mimi ni Mma Seabelo. Nauza magwinya, maandazi yetu, jirani na stendi ya mabasi hapa Gaborone. Kila siku naamka mapema, nakanda unga, nakaanga. Saa moja asubuhi wateja wamenizunguka. Asubuhi moja alikuja Oarabile, mtoto wa marehemu kaka yangu. Alikuwa anacheka peke yake.

"Shangazi, wamekubali! Kina Ngidi wa Durban wamekubali mpeleke posa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi!"

Nilipiga vigelegele mpaka mteja akamwaga chai yake. Oarabile nimemlea mimi. Na mchumba wake, Nokulunga, namjua. Ni binti mwenye adabu, na anakula magwinya matano bila aibu.

"Mtakwenda kwa ndege," Oarabile akasema. "Magoti ya Mjomba hayawezi basi la siku nzima. Nimepata tiketi bei chee. Moja ya hapa mpaka Johannesburg, nyingine ya Johannesburg mpaka Durban. Ni kampuni mbili tofauti. Katikati kuna saa moja na robo."

"Hiyo inatosha kubadili ndege?"

"Inatosha, Shangazi. Ni kushuka na kupanda tu."

Kushuka na kupanda tu! Laiti ningemrushia unga siku ile.

Tulisafiri watu watatu. Mjomba Keoagile, kaka wa mama yake Oarabile. Rra Moreri, yaani Bwana Moreri, baba mdogo wa Oarabile. Na mimi. Kwetu safari ya posa ina msemaji mmoja, naye ni mjomba. Yeye hutangulia, wengine hufuata. Hakuna wa kumpita, hakuna wa kusema kabla yake. Sawa, mila ni mila. Kina Ngidi nao wana yao. Wapeleka posa wafike langoni alfajiri, kabla jua halijatoka. Ukichelewa umewadharau.

Ijumaa mchana tukapanda ndege. Ilichelewa kuondoka dakika ishirini. Tulipotua Johannesburg, Mjomba akaanza kutembea na fimbo yake, taratibu, kama yuko shambani kwake. Watu wote walitupita. Tulipofika penye kugongewa muhuri wa pasipoti, foleni ilikuwa imejaa.

"Shemeji, ongeza mwendo," nikamwambia.

"Haraka haraka haina baraka," akajibu.

Tulipogongewa muhuri, tukapita ukumbi wa mizigo. Mabegi yalikuwa yanazunguka kwenye mkanda.

"Yetu hatuchukui?" nikauliza.

"Yatatukuta Durban," akasema Mjomba. Nani alimwambia? Hakuna!

Tukatoka nje, kwenye ukumbi wa watu wanaopokea wageni. Mjomba akaona viti, akakaa. Nasi tukakaa.

"Tunangoja nini?" nikauliza.

"Watatuita."

Jamani! Alidhani pale ni stendi ya mabasi, mpiga debe atapita akiita, "Durban! Durban!"

"Shemeji, tuulize."

"Nani aulize? Wewe? Safari hii ina msemaji."

"Basi uliza wewe, msemaji!"

Akageuza uso upande. Alikuwa na aibu ya kuuliza, mtu mzima yule. Rra Moreri alikuwa anaangalia viatu vyake. Saa ukutani ilikuwa inakwenda. Nami nilikaa kimya, mkono juu ya shavu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mimi, ninayegombana na madereva wa malori kila siku, nilikaa kimya!

Mwishowe nikainuka. Nikamfuata mwanamke aliyesimama kwenye meza ya maulizo. Alikuwa na beji yenye jina: Matlakala. Nikamwonyesha tiketi. Akaangalia saa.

"Mama, ndege hii lango lake limefungwa sasa hivi."

"Lakini saa ya kuondoka haijafika!"

"Lango hufungwa dakika ishirini kabla ya kuondoka. Mizigo hukoma kupokelewa dakika arobaini kabla."

"Mbona hamkutuita?"

"Uwanja huu haumwiti kila abiria, mama. Tazama ule ubao wenye taa. Unatafuta namba ya ndege yako, unaona namba ya lango. Halafu hapa ni pa wanaofika. Wanaoondoka kwenda Durban wako jengo la pili, ghorofa ya juu."

Nikageuka. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Huyu binti anasema nini?" akauliza.

"Anasema tumeachwa!" Nilipiga kelele, watu wakageuka. "Tumeachwa tukiwa tumekaa! Tumekaa kama vyungu!"

Matlakala hakukasirika. Alitutafutia viti, akatueleza polepole.

"Mnatoka nchi nyingine. Hapa ndipo mnapoingilia nchi hii, kwa hiyo begi mnalichukua hapa hapa, hata kama safari inaendelea. Mnapita nalo forodha. Kisha mnakwenda jengo la pili, mnalikabidhi tena. Mnakaguliwa, ndipo mnakwenda langoni. Kwa kazi yote hiyo, saa moja na robo haitoshi. Jipeni saa tatu, au zaidi."

"Na ndege ya kwanza ilichelewa," akasema Rra Moreri. Ndiyo kwanza anafungua kinywa!

"Tiketi zenu ni mbili, za kampuni mbili. Kila kampuni inajua safari yake tu. Mngekuwa na tiketi moja ya safari nzima, na ndege ya kwanza ikawachelewesha, wangewapangia nyingine wenyewe. Na baba huyu mwenye fimbo, mbona hamkumwombea kiti cha magurudumu? Ni bure. Mnakiagiza siku mbili kabla. Anayekisukuma anajua njia zote."

Kumbe! Vyote hivyo vilikuwepo. Vilihitaji mdomo wa kuuliza tu.

Ilikuwa mwisho wa mwezi, ndege za jioni zote zimejaa. Tulipata nafasi Jumamosi asubuhi. Mabegi yetu tuliyakuta pembeni ya mkanda, peke yake kama yatima.

Tulifika kwa kina Ngidi saa nne, jua kali. Mjomba akaita langoni. Akaita tena. Mzee mmoja alijibu kutoka ndani, bila kufungua.

"Posa haiji na jua kichwani. Mtoto wetu si mbuzi wa mnadani. Rudini Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao. Mkichelewa tena, msije mara ya tatu."

Dirishani nilimwona Nokulunga. Alikuwa amejifunika uso kwa mikono. Simu yangu ikalia. Alikuwa Oarabile.

"Shangazi, wamewapokea?"

Nikampa Mjomba simu. "Haya, msemaji. Sema."

Tulipofika nyumbani niliwaita wote, na Oarabile pia.

"Wewe Oarabile, tiketi rahisi imetuaibisha. Rahisi ghali, hukufundishwa? Mara hii utakwenda ofisini. Tiketi moja, safari nzima. Saa nne katikati. Na kiti cha Mjomba."

"Kiti gani?" Mjomba akaruka. "Mimi nisukumwe kama gunia la mtama?"

"Utasukumwa, Shemeji! Na mkiwa uwanja wa ndege, anayeuliza ni mimi. Langoni kwa kina Ngidi mdomo ni wako. Kabla ya hapo, ni wangu. Hutaki, posa ipelekwe na fimbo yako!"

Aligonga fimbo chini. Alitaka kujibu, akamtazama Oarabile. Kijana alikuwa amekonda kwa siku mbili tu. Mjomba akashusha pumzi.

"Sawa," akasema.

Mwezi uliofuata, pale uwanjani Gaborone nilimuuliza dada wa kaunta, "Mabegi tunayachukua wapi?" Akasema, "Johannesburg." Tulipotua, kijana alikuwa anangoja na kiti. Alimpitisha Mjomba foleni fupi, nasi nyuma yake. Tukachukua mabegi, tukapita forodha. Tukaenda jengo la pili, ghorofa ya juu, tukayakabidhi. Ubaoni nikasoma: Durban, lango la sita. Baadaye nikasoma tena: lango la kumi na moja. Walikuwa wamebadilisha! Bila kuutazama ubao mara ya pili tungekaa pasipotuhusu. Tulifika lango la kumi na moja mapema, tukanywa chai tukasubiri.

Ijumaa jioni tulikuwa Durban. Jumamosi, giza halijaondoka vizuri, tulisimama langoni kwa kina Ngidi. Mjomba akaita kwa sauti yake nene. Mzee yule yule akaja.

"Nyinyi ndio wale wa jua kichwani?"

"Ndio sisi."

"Leo mmewezaje?"

Mjomba alikohoa kidogo. Nikajua anatafuta uongo.

"Mara ile niliona aibu kuuliza njia," akasema. "Mara hii aliuliza shemeji yangu huyu."

Mzee akanitazama. Kisha nikasikia funguo, na kufuli likafunguka.

Hasira yangu haijaisha, nisidanganye. Lakini pale langoni nilimsogelea Mjomba, nikamwambia taratibu, "Haya, Shemeji. Tangulia."